Mtu Hupanda kwa Mguu Wake

Taa ya presha ilipolipuka ndani ya mtumbwi, niliruka majini. Ziwa lilizima moto, lakini paja na goti langu la kuume vilikuwa vimekwisha kuungua. Kuna mtu alikuwa amechanganya esansi ya motokaa ndani ya pitroli, mafuta yetu ya taa. Sikumtafuta. Nilikuwa na neno moja tu kichwani: kurudi kwenye mtumbwi wa Papa Casimir.

Sisi wavuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa, hapa Kalemie tunaishi kwa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haivuti samaki. Mitumbwi inalala mchangani na sisi tunashona nyavu. Giza likirudi, mwenye mtumbwi anawatazama watu wake pale ufukweni, na asiyekuwapo, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Nyimbo za kuvutia wavu zilikuwa zangu. Hakuna aliyenifundisha. Nilizitunga nikiwa na kamba mikononi, na kutoka hapa mpaka Zongwe hakuna mtumbwi uliokuwa na wimbo wa kuushinda wetu.

Kule hospitali mama yangu alikunja kitenge akakiweka chini ya goti, ili nisiumie. Nikalala hivyo, nimejikunja. Kidonda kikapona, ngozi ikalikaza goti palepale lilipokuwa, na paja likakonda kama muhogo wa kiangazi. Ndipo wakanipeleka kwa Mama Immaculée, mganga wa kine, ambaye kazi yake ni kurudisha nguvu kwenye miguu na mikono iliyolala.

"Mama yako anakupenda sana," alisema, akiivuta ile ngozi kwa mafuta huku mimi nikiuma shuka. "Sasa tutaondoa upendo wake pole pole."

Goti lilipokubali kunyooka, alinifunga kifuko cha mchanga kwenye kifundo cha mguu. Kazi ilikuwa nikae pembeni ya kitanda, ninyooshe mguu, niushikilie juu, niushushe. Alitaka nihesabu. Nilikataa. Niliimba ubeti wa kuvuta wavu, mguu ukae juu mpaka ubeti uishe. Mwanzoni ulianguka kabla ya mstari wa kwanza kwisha.

"Ubeti wako ni murefu kupita paja lako," Mama Immaculée alicheka. "Tunga mufupi."

"Sikati kitu, Mama. Ni paja njo litaongezeka."

Likaongezeka kweli. Rafiki zangu hawakuliona. Mbalamwezi ya kwanza walikuja wote na samaki wa kuchoma. Iliyofuata alikuja Floribert peke yake. Halafu hakuja mtu. Asubuhi nilisikia mitumbwi ikirudi, wimbo wangu ukipanda kutoka ufukweni kwa sauti ya mtu mwingine.

Kazi iliyofuata ilikuwa ngazi za baraza, mbele ya maternite, wodi ya wazazi: mguu mgonjwa juu, uinue mwili mzima, kisha ushuke taratibu. Pale walikaa wanawake wakingoja, na kati yao Mama Marceline, muuza samaki, mdomo wake kama wembe.

"Ee, sitwayeni, bwana mwananchi!" alipaza sauti. "Hata ng'ombe ya kule milimani Pepa yenye mimba inapanda kilima mbio kukupita weye!"

Walicheka mpaka watoto mgongoni wakaamka. Niligeuka nikarudi ndani, wala sikuzikanyaga tena ngazi zile.

"Ongeza mchanga, Mama," nilimwambia Mama Immaculée.

"Mchanga unafundisha mguu kunyooka. Ngazi inaufundisha kukubeba. Mutumbwi unapandwa namna gani?"

"Mutumbwi mimi naujua."

Aliongeza mchanga.

Giza liliporudi, alasiri moja nilishuka ufukweni bila fimbo. Papa Casimir alinikagua toka kichwani mpaka miguuni.

"Onésime. Unasimama?"

"Nasimama, Papa."

"Basi sukuma."

Tulisukuma. Nilianzisha wimbo, wakaitikia, na mguu ukashika mchanga bila kutetemeka. Mtumbwi ukateleza mpaka maji yakafika mapajani. Wenzangu wakapanda mmoja mmoja. Niliweka mguu wa kuume juu ya ubavu wa mtumbwi. Mguu ulifika, mwili ukakataa kuufuata. Nikajaribu kutanguliza wa kushoto, lakini wa kuume peke yake haukuweza kunisimamisha kwenye maji yale.

Kwetu kuna sheria moja: mtu hupanda kwa mguu wake. Anayeinuliwa ni mzigo, na mzigo haugusi wavu.

Floribert alininyooshea mkono, akitazama pembeni.

"Shika, kaka. Haraka, Papa hajaona."

Papa Casimir alikuwa ameona. Sote tulijua.

"Nendeni," nikasema.

"Giza ingine itakuja, mutoto wangu," alisema Papa Casimir bila kugeuka, na makasia yakaingia majini.

Walianza wimbo bila mimi. Kwenye mstari wa tatu walikosea. Nilipaza sauti kuwasahihisha, lakini upepo ulikuwa unatoka ziwani, ukairudisha sauti yangu mchangani.

Nyuma yangu kulikuwa na mtumbwi mbovu, umelala kifudifudi, umeachwa na watu. Niliweka mguu wa kuume juu yake, nikajiinua, nikaanguka. Nikaweka tena. Nilitega sikio; hata kicheko cha Mama Marceline ningekipokea. Nilianza ubeti, ukanishinda. Basi nikaukata, nikaimba mstari mmoja tu, ulio mfupi kuliko yote.

Mguu ukanibeba. Nilisimama juu ya mtumbwi ule, na ufukwe mzima ulikuwa mtupu.