"Haya" ya Saa Tano na Nusu

Mtu akikwambia "haya", wewe huwa unasikia nini? Unasikia ndiyo? Unasikia hapana? Au unamsikia mtu aliyechoka kubishana, anakupisha upite na maneno yako? Usijibu haraka. Mama Mapazia aliliandika neno hilo kwenye simu siku moja, herufi nne tu, na mpaka leo halijamtoka rohoni.

Jina la Mama Mapazia alipewa na mtaa, kwa sababu katika yale majengo sita hapakuwa na dirisha ambalo hakuwahi kulipima. Alishonea chumbani, cherehani kaibana kati ya kitanda na kabati. Akitaka kukata kitambaa kirefu, binti yake wa miaka minane ilibidi apande kitandani na daftari lake, miguu kaikunja kama aliyeona panya. Mumewe alikuwa fundi wa lifti, na wenzake kazini walimwita Juu-Chini. Mke akiudhika alisema, "Bwana huyu watu wote anawapandisha, mimi tu ndiye kaniacha ghorofa ya chini." Wakacheka wote wawili. Wakati huo ulikuwa mzaha.

Basi Jumatatu moja ofisi ikamwita Juu-Chini, ikamwambia kuna nafasi katika lile jiji lingine, lile la majengo ya ghorofa thelathini. Mshahara ni huu wa sasa na nusu yake juu. Jibu litolewe Ijumaa, kabla ya saa sita mchana.

Alipotoka kazini akatungua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza nyuma palipo peupe, akapiga mstari katikati. Upande mmoja akaandika Huku, upande wa pili Kule.

"Kodi ya kule umeuliza?" mkewe akamuuliza huku anakata nyuzi.

"Nimeuliza. Wewe usiulize."

"Si wewe umeuliza?"

"Ndiyo maana nakwambia usiulize. Mara mbili ya hapa, mama, na choo mnachangia."

Alikuwa mtu wa kazi safi, hata kwenye karatasi. Akaandika nauli ya mabasi mawili, ada ya mtoto, gesi, maji, mpaka sabuni. Alipofika kwenye mstari wa mapazia, upande wa Huku akaandika elfu nane. Upande wa Kule akaandika sifuri, akaizungusha vizuri, ikawa mviringo kama kifungo cha koti.

"Kule huna wateja," alisema. Na tumpe haki yake, alilisema kwa upole.

Sasa kuna jambo ambalo Juu-Chini hakulijua. Ndani ya kopo la nyuzi, chini kabisa, palikuwa na barua. Mteja mmoja, mwalimu wa muziki, alikuwa amemsimulia Mama Mapazia juu ya karakana fulani katika jiji hilohilo la Kule inayoshona mapazia ya majukwaa. Si ya madirisha, la. Mapazia ya mita tisa kwenda juu, mahameli mazito ambayo kulibeba moja tu ni kazi ya watu wanne. Mama Mapazia, kwa kujifurahisha tu, akawatumia picha za kazi zake na kipande cha marinda aliyoyapanga kwa mkono, kila rinda sawa na mwenzake kama meno ya kitana. Hakutegemea kitu. Wakamjibu. Walimwambia aje, watamjaribu miezi mitatu kwa elfu tatu kwa mwezi, wakiridhika wataongeza.

Maisha yake yote alikuwa ameshonea madirisha ya mita moja na nusu, yanayotazama ukuta wa jirani. Alishona pazia ili watu wasionwe. Alitamani, mara moja tu, ashone pazia ambalo watu wamekaa kimya wanalingoja lifunguke.

Angeweza kulisema palepale. Lakini ile sifuri ilimchoma. Alitaka aulizwe. Mumewe alimuuliza "itatosha?" mara nne, akaisoma kila tarakimu kwa sauti, akamuuliza hata bei ya vitunguu. "Unataka?" hakuuliza hata mara moja. Mama Mapazia akajiambia, ataniuliza. Asipouliza leo, atauliza kesho.

Hesabu ikafika mwisho Alhamisi. Huku wangebakiwa na elfu sita kwa mwezi. Kule, elfu tano na mia tano.

"Mia tano," Juu-Chini akasema, akachomeka kalamu sikioni. "Tunazidiwa na mia tano."

Mia tano haikununua hata mita mbili za bitana.

Ijumaa ikafika. Saa tano na nusu Mama Mapazia alikuwa juu ya stuli nyumbani kwa mke wa daktari wa meno, pini sita mdomoni, mkono wa kushoto umeshikilia pindo, na mwenye nyumba yuko chini analalamika, "Fundi, pazia hili mbona fupi? Kama suruali ya mtu aliyevuka mto!" Simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Akaitoa kwa mkono wa kulia. Ujumbe wa mumewe: Hesabu imegoma. Niwaambie hapana?

Akausoma mara mbili. Damu ikampanda. Alitaka kuandika, na mimi je? Alitaka kuandika, hiyo sifuri nani kakupa? Lakini mkono huru ulikuwa mmoja, na pini zilikuwa mdomoni, na mwenye nyumba alikuwa bado anasema. Akaandika: Haya.

Kama angeitamka! Mumewe angeisikia ile haya ndefu, inayopanda mwishoni, haya ya mkono kiunoni, ile inayosema endelea tu na yako, tutakutana nyumbani. Mtu yeyote angeisikia angekata simu akakimbia kwa mkewe. Lakini simu haishiki kiuno. Juu-Chini alikuwa amechuchumaa juu ya lifti iliyokwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, mikono imejaa grisi. Akaisoma, akasikia amani. Mama Mapazia hajashuka hata kwenye stuli, ofisi ilikwisha kujibiwa.

Jioni akarudi na chupa kubwa ya soda, uso mwepesi kama aliyetua gunia. "Nimeshawaambia. Tunabaki! Wateja wako hawakupotei."

Mama Mapazia alikuwa ameitoa barua kwenye kopo, kaitia mfukoni mwa aproni, ili amwonyeshe jioni hiyo. Aliposogea kuchukua gilasi akaisikia karatasi ikikwaruza. Akamtazama mumewe anavyofungua soda, anavyomcheka binti yao kwa povu lililomrukia puani. Akashindwa.

"Haya," akasema tena, akamimina.

Miaka kumi na minne ikapita hivyo. Kodi ya huku ikapanda kidogo kidogo mpaka ikafikia ile ya kule iliyowatisha, ila mshahara haukuifuata. Wateja wakaanza kununua mapazia ya pakiti, yaliyokwisha shonwa, na kazi ya Mama Mapazia ikawa kuyapunguza urefu. Barua ikabaki koponi, mikunjo yake imelainika kama kitambaa kilichofuliwa sana.

Jumapili moja alasiri binti yao akaja. Sasa alikuwa mpimaji wa damu maabara, na alikuwa ameitiwa kazi katika jiji la mbali. Akakaa ukingoni mwa kitanda kilekile, akawaonyesha simu yake, safu mbili za tarakimu.

"Nikienda napungukiwa kidogo, baba. Nikibaki najiuliza. Nyinyi mlifanyaje?"

Juu-Chini akajinyoosha. "Sisi tulikaa, tukapiga hesabu, tukaelewana. Ile mia tano ilituokoa, mama. Na mama yako mwenyewe alisema haya."

"Alisema?"

"Aliandika."

"Haya ipi, baba?"

"Haya ipi vipi? Haya si haya?"

"Baba we! Mimi mama akiniambia haya nilikuwa natafuta pa kujificha."

Wakacheka, baba na binti. Kisha wakaona cherehani imenyamaza. Mama Mapazia alikuwa ameshika gurudumu, haligeuzi.

"Nilikataa kwa ajili yako," Juu-Chini akamwambia, taratibu, kama anayepapasa swichi gizani. "Nilijua hutaki kuwaacha wateja wako. Mimi mwenyewe, yale majengo ya ghorofa thelathini..."

"Wewe mwenyewe nini?" mkewe akauliza.

"Basi tu."

Mkewe akainamia kopo la nyuzi, akatoa barua, akamwekea mapajani. Juu-Chini akasoma huku midomo inacheza. Alipofika kwenye ile elfu tatu macho yake yakapanda darini, na mkewe akamwacha amalize kujumlisha.

"Ingezidi," akasema, sauti imemshuka. "Kule ingezidi kwa elfu mbili na mia tano."

"Sikuulizi hesabu, baba," mkewe akasema.

"Sasa mbona hukusema?"

Mama Mapazia akamtazama binti yake na simu yake ya tarakimu, halafu akamgeukia mumewe.

"Nilitaka twende," akasema. "Hata ingepungua. Mimi nilitaka twende."