Msonge wa Mawazo

Kabla ya barua ya shule na kabla ya mkutano, Deodatha aliona punje za kahawa za kijani. Zilikuwa kwenye kikapu cha mdogo wake Vero, zimechanganyika na nyekundu, kama za mtu aliyekamua tawi zima la mbuni kwa mkono mmoja huku macho yakiwa kwingine. Vero hakuwa mtu wa kuchuma hivyo. Tangu akiwa mdogo alichuma punje moja moja, zilizoiva tu, hata baba yao, mzee Clavery, akawa anawaambia wachumaji wazembe waende wakasome kwa Vero. Baba huyo wao walimwita tata, maana pale kijijini Ihanda, Kinyambo ndicho kilichozungumzwa nyumbani, Kiswahili kilikuja baadaye.

Kwa Deodatha, kusema hakukuwa kazi anayoiweza. Alichuchumaa akazichambua zile mbichi, akazitupa migombani tata asizione. Kesho yake zikawa nyingi zaidi.

Wiki hiyohiyo ikaja barua. Vero alikuwa kidato cha nne katika shule ya kata, na mwalimu wa ushauri na unasihi aliwaita wazazi kuzungumzia fomu za machaguo ya vyuo, pamoja na kambi ya masomo ya likizo ya Juni. Mama alikuwa Songambele akimwuguza bibi. Tata akasema kahawa haingoji mkutano, aende Deodatha. Kisha akaongeza, kwa utani wake wa siku zote, kwamba huenda safari hii shule ikampenda.

Utani huo ulikuwa wa nyumba nzima. Deodatha, walisema, aliacha shule mwenyewe darasa la tano, kichwa kilikataa kalamu. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kwa miaka kumi na miwili aliitikia utani ule kwa kutabasamu.

Kwenye mkutano alikaa dawati la nyuma kabisa, jirani na mlango. Mwalimu Nadhira alikuwa binti wa wenye duka pale Kayanga, na Kiswahili chake kilikuwa bado na lafudhi ya babu zake wa pwani, kinateleza. Aliwaambia wazazi kwamba kuchagua chuo si kumtajia mtoto kazi ya binti wa jirani. Ni kumwuliza anapenda nini, kutazama anafaulu nini, kisha kuweka chaguo la pili endapo la kwanza litakwama. Akasema pia kwamba msimu huu wa kahawa ndio msimu mbaya kwa watahiniwa, kazi za nyumbani na vitabu vinawaangukia pamoja, wanapata msongo wa mawazo.

Mmoja wa wazazi, mzee Gaudiosus, akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Huo msonge wa mawazo. Sisi wenyewe misonge tumeacha kuijenga siku nyingi. Hawa watoto wameukuta wapi?"

Darasa zima lilicheka. Mama mmoja akamwambia asikilize vizuri, ni msongo, si ile nyumba ya nyasi. Mzee akamjibu kwamba masikio yake yameshastaafu, yanafanya kazi kwa kujitolea.

Mwalimu Nadhira naye alicheka. Kisha akamwuliza ndani ya msonge kunakuwaje kuni zikiwa mbichi.

"Moshi mtupu," mzee akasema. "Mlango mmoja, dirisha hakuna. Wa ndani anatokwa machozi. Wa nje anapita zake. Labda akiinua macho, ataona moshi unapenya kwenye nyasi, kidogo kidogo."

"Basi hujakosea neno, mzee wangu," mwalimu akasema. "Ndivyo walivyo watoto wenu sasa hivi. Muinue macho."

Akaeleza moshi wenyewe unavyoonekana: mtoto anayekaa kimya asivyozoea, anayekataa chakula, anayeanza kuharibu kazi aliyokuwa akiiweza. Deodatha akaziona tena zile punje za kijani.

Mkutano ulipoisha alipewa fomu ya Vero. Chaguo la kwanza lilikuwa tupu. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, na pale penye utupu akaona maandishi ya penseli yaliyofutwa. Alisoma polepole, herufi kwa herufi, kama alivyosoma kila kitu: upimaji ardhi.

Mwalimu alimweleza kwa sauti ya chini kwamba Vero ameyafuta mwenyewe, kwa sababu hatakuwepo kambini. Baba yake amemwambia amalize kahawa kwanza, aje baada ya wiki tatu. Na upimaji unataka hesabu, na kambi inaanza na hesabu. Fomu irudi Ijumaa ikiwa na sahihi, Vero mwenyewe aingie kambini Jumatatu. Akikosa mwanzo, mwalimu akasema, sijui kama atarudi kwenye mstari.

Wiki tatu. Deodatha akaikunja fomu.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwa Allen, mwenye shamba la kahawa jirani, akasimama uani mpaka akaulizwa amepoteza nini. Akaomba wachume kwa zamu, siku mbili kwao, siku mbili kwa Allen, mpaka kahawa iishe.

"Leo bubu kasema," Allen akamwambia. "Ngoja niketi, nisije nikaanguka." Lakini akakubali, akamwita na jirani yake Uwiduhaye, na wote watatu wakapanga siku. Ilikuwa mara ya kwanza Deodatha kumwomba mtu kitu nje ya nyumba yao. Njiani kurudi hakupunguza mwendo.

Fomu ilifika shuleni Ijumaa ikiwa na sahihi ya tata, na Jumatatu Vero alipanda bodaboda na godoro lake. Sahihi hiyo haikupatikana kwa habari za Allen, ingawa Deodatha alianza nazo. Ilikuwa jioni ileile ya mkutano, jua bado lipo, wanakusanya kahawa iliyoanikwa kwenye turubai. Tata alisikiliza mpango wa zamu mpaka mwisho, akasema ni mzuri, na Vero akiwepo utakuwa mzuri zaidi. Vero akaendelea kufagia punje, kichwa chini.

Deodatha akaingia ndani, akatoka na kalamu. Akaiweka fomu juu ya kinu kilichopinduliwa, mbele yao wote, na kwenye mstari wa maoni ya mzazi au mlezi akaandika kwa herufi kubwa zilizosimama kama miti ya uzio: Aende Jumatatu. Kazi yake nitafanya mimi. Ilimchukua muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akamwuliza Vero, jina la chuo cha upimaji ardhi linaandikwaje, na Vero, kwa sauti ndogo, akamtajia, ufagio umesimama mkononi.

Akamnyooshea tata kalamu. Tata aliishika bila kuitumia.

"Wiki tatu tu, mwanangu," akasema. "Wiki tatu haziui shule. Wewe kahawa ilikuua? Uliacha mwenyewe."

Hapo ndipo Deodatha alipokuwa akitabasamu, kila mara, miaka yote ile. Safari hii hakutabasamu.

"Sikuacha mwenyewe, tata. Mwaka ule uliniambia wiki tatu tu, nikachuma mpaka zikaisha. Niliporudi, nikakuta kwenye hesabu wanajumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mwalimu akaniita ubaoni. Nikasimama na chaki, sijui hata pa kuanzia, wenzangu wakacheka. Kesho yake nikakwambia kichwa kinauma. Keshokutwa nikakwambia bado kinauma. Hakikuwa kinauma, tata. Nilikuwa nangoja uniulize."