Saa ya Kunakili Sauti

"Marehemu ameacha mabinti wawili, wana watano na wajuku..." tangazo lilikuwa likisema, mara likakwama. "Ku. Ku. Ku. Ku."

Nyaruai, fundi wa sauti wa redio, aliruka kutoka kitini. Alishika kipanya, lakini mshale kwenye skrini ulijikokota kama mtu anayevuka matope. Nyuma ya kioo mtangazaji alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, macho yamemtoka. "Ku. Ku. Ku." Nyaruai akashusha sauti kwa mkono. Kimya kikatanda hewani, kutoka Kitale hadi Bungoma. Kisha, kwa papara, akafungulia wimbo wa kwanza alioupata. Ulikuwa wa harusi.

Kosa lilikuwa lake, naye alilijua kabla mtu hajafungua mdomo. Alikuwa ameiagiza kompyuta ya studio ijinakili yenyewe kila siku, kuanzia siku hiyo, ihamishe kila kilichomo hadi kwenye diski ndogo ya akiba, na akaipangia saa ya chakula cha mchana. Alidhani watu wakila, mashine nayo hupumzika. Akasahau kwamba saa hiyo ndiyo watu huketi na sahani zao kusikiliza matangazo ya vifo. Basi mashine ilitakiwa kulisha hewa na kujinakili kwa wakati mmoja, ikashindwa na yote mawili.

Kabla ya jioni mwanamume mmoja aliingia na buti za matope, koti la msiba mabegani. Alijitambulisha kuwa ni Gathogo, ametoka Ndalu.

"Ni nani alikuwa anaita kuku?" aliuliza.

Hakuna aliyecheka.

"Mama yangu amelea watu," Gathogo aliendelea, sauti yake ikiwa chini. "Amelea hata watoto wasio wake. Sasa kijiji kizima kimesikia. Watoto wa jirani wanaimba hiyo ku-ku-ku mpaka kwa lango letu."

"Ni mimi, baba," Nyaruai alisema. "Si mtangazaji. Ni mashine yangu. Pole sana."

"Pole naisikia. Lakini mama atazikwa na hiyo ku-ku-ku?"

Kwa miaka yote aliyofanya kazi pale, Nyaruai alikuwa mtu wa nyuma ya kioo. Alikata sauti za wengine, akazisafisha, akazipanga, wala yake haikuwahi kwenda hewani. Jioni ile alimketisha Gathogo kando yake, akavaa vipokea sauti, akalisoma tangazo lote upya hewani. Alilisoma polepole. Alipofika kwenye wajukuu, Gathogo alimtajia majina yao kwa kunong'ona, naye akayasema moja baada ya jingine. Mwanamume yule aliondoka bila kuaga, lakini mlangoni aligeuka, akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea kitu chake.

Mary Ann, meneja wa redio, alingoja mpaka buti za Gathogo zisikike nje kwenye kokoto.

"Zima hicho kitu, Nyaruai."

"Nikikizima, siku mashine ikifa tutabaki na nini?"

"Na jina letu. Leo tumelipoteza karibu lote. Mtu akileta maiti yake kwetu, anatuamini. Umeelewa?"

Nyaruai alielewa. Lakini macho yake yalikuwa chini ya meza, kwenye lile kasha lililokoroma na kutema joto. Ndani mlikuwa na nyimbo na matangazo ya biashara. Hayo yangetafutwa tena kwingine. Ndani mlikuwa pia na Mzee Absalom Wekoye. Ndiye mtangazaji aliyewaamsha wakulima wa pande zile kwa miaka na miaka, na ndiye aliyemfundisha Nyaruai kazi. "Usikate pumzi ya mtu," alikuwa akimwambia, kidole kikiwa kwenye mawimbi ya sauti katika skrini. "Hapo amepumua kwa sababu anaogopa kusema. Wacha watu wasikie." Mwaka uliotangulia alipasuliwa koo. Sasa alikuwa kwake Bungoma, akipumua kwa tundu la shingoni, na hakuwa ametamka neno tangu hapo. Sauti yake yote ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, napo ni chini ya meza ile.

"Nipe nafasi moja," alisema Nyaruai.

Mary Ann alifuata macho yake hadi chini ya meza. Yeye pia alikuwa amekua akiisikia sauti ya Mzee. "Ikikwama tena hewani hata mara moja, nitaichomoa mwenyewe."

Aliyemsaidia ni Farid, fundi wa kompyuta mwenye duka karibu na msikiti wa Bungoma, ambaye ndiye aliyewauzia mashine ile. Alimsikiliza kwenye simu, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Dada, wewe kila siku unahamisha nyumba nzima kwa sababu umenunua kijiko kipya! Nakili zote mara moja tu, pole pole. Baada ya hapo mashine ichukue vile vitu vimebadilika, basi. Na uiambie kazi ya hewa ndiyo ya kwanza. Hii nyingine ingoje. Halafu utafute saa mashine haina shughuli."

"Redio haina saa kama hiyo, Farid."

"Iko, bana. Kaa chini utaiona."

Kukaa chini ndiko kulikomshinda. Nyaruai alikuwa mtu wa kusimama. Alikunywa chai akitembea, aliongea na simu akizunguka meza, na usingizini, mama yake alisema, miguu yake ilitafuta njia. Sasa alijilazimisha kukaa, siku baada ya siku, akiitazama mashine kama mama anayetazama mtoto mwenye homa. Asubuhi hapana, kulikuwa na habari na nyimbo. Mchana hapana kabisa. Jioni watu walipiga simu kusalimiana. Usiku mashine ilicheza nyimbo peke yake hadi alfajiri, bila mtu wa kuiangalia. Hatimaye akaiona. Alasiri, kipindi cha wakulima kilitoka kwenye studio yao ndogo ya Bungoma, na sauti yake ilipita Kitale moja kwa moja hadi kwenye mnara bila kuigusa kompyuta. Kwa muda huo kompyuta ilikaa tu, feni ikizunguka.

Akaipanga hapo. Ianze Bungoma ikishika hewa, isimame yenyewe Kitale ikirudi, kesho iendelee pale ilipoachia. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, kucha mdomoni, akisikiliza mtu wa Bungoma akieleza kuhusu viwavi wa mahindi. Sauti haikutetereka. Kwenye skrini, mstari wa kijani ulioonyesha kiasi kilichonakiliwa ulisogea upana wa ukucha.

Lakini ulikuwa msimu wa mvua, na Kitale wakati huo alasiri ndiyo saa ya radi. Mawingu yalishuka kutoka Mlima Elgon kana kwamba nayo yalikuwa yamepangiwa. Amri ya studio ilijulikana: ngurumo ya kwanza, chomoa kila kinachoweza kuchomolewa. Kwa hiyo ile saa moja iliyokuwa salama kwa hewa ndiyo iliyokuwa mbaya kwa umeme. Siku nyingine mstari ulisogea, siku nyingine haukusogea hata kidogo. Nyaruai aliingia na kutoka, akitazama skrini, akitazama mlima. Mary Ann alikuwa ameagiza nyimbo na matangazo ya biashara vitangulie, vikatangulia. Baada ya hivyo Nyaruai aliweka kabrasha la Mzee Wekoye, na mashine ikalichukua kwa mpangilio wa miaka, ya zamani kwanza.

Jumanne moja anga lilikuwa jeupe juu ya mji. Mtu wa Bungoma alikuwa akizungumzia bei ya maziwa. Mstari wa kijani ulikuwa umekaribia ukingo kabisa, na kabrasha la Mzee lilikuwa limebakiza mwaka wake wa mwisho. Ngurumo ikasikika, mbali, pengine huko upande wa Kimilili.

"Chomoa!" Mary Ann aliita kutoka ofisini.

"Kidogo tu!"

"Nyaruai!"

Alihesabu moyoni, akasita, akaukazia macho mstari kana kwamba macho yangeusukuma. Kisha akapiga magoti, akavuta waya wa diski. Ndipo chumba kizima kikawa cheupe. Radi ilipiga kwa mlio wa bati linalochanwa. Alipofumbua macho alikuwa amekaa sakafuni, pua imejaa harufu ya plastiki iliyoungua, na redio ya mlinzi kule nje ilikuwa ikivuma tupu. Feni ya kompyuta ilikuwa imesimama. Hakukumbuka lini aliwahi kuisikia kimya.

Mary Ann alifika mbio, akamshika mabega, akamgeuza huku na huku kuona kama ameumia. Kisha akaona ngumi yake.

"Hiyo mkononi ni nini?"

"Diski."

"Iko sawa?"

"Sijui. Niliichomoa ikiwa bado inaandika."

Hakulala vizuri. Asubuhi, mafundi wakiwa juu ya mnara na kompyuta ikiwa imeungua kabisa, aliifunga diski ndani ya sweta na kuipeleka Bungoma. Farid hakucheka mara hii. Aliichomeka, na taa yake ikawaka, ikazima, ikawaka. Nyaruai alitoka nje ya duka, akarudi, akatoka tena.

"Dada, unanizungusha kichwa. Ingia uketi."

Akaingia, hakuketi. Kwenye skrini majina yalianza kujipanga, moja chini ya jingine: nyimbo, matangazo, kisha Wekoye, Wekoye, Wekoye. Farid alishuka nayo mpaka mwisho, akajaribu kufungua faili la mwisho, likakataa. Akajaribu tena.

"Hapa ndipo ulichomoa," alisema. "Ya nyuma yote iko. Huu mwaka wa mwisho hakuna."

Mwaka wa mwisho ndio uliokuwa na kipindi cha kuaga. Nyaruai alishukuru, akachukua nakala ya sauti ya Mzee aliyotengenezewa kwenye kidude kidogo cha kuchomeka, akasimama barabarani asijue kama amebeba habari njema au mbaya. Simu yake ikalia. Alikuwa Mary Ann. Mnara umerudi, wameazima kompyuta.

"Nyimbo ziko?"

"Ziko. Matangazo pia."

"Asante Mungu. Sasa hii mashine mpya, hicho kitu chako unataka kianze saa ngapi? Niambie niwajulishe watu wa Bungoma."

Jioni, kwa Mzee Wekoye, alipokewa na mkewe, Mama Jepkosgei, mikono ikiwa na unga. Mzee alikuwa barazani, kitambaa cheupe kimefunika shingo, redio ndogo miguuni. Alikuwa amekonda, lakini alimshika mkono Nyaruai kwa nguvu, hakutaka kuuachia.

"Jana redio ilikufa akiwa anasikiliza," Jepkosgei alisema. "Hakula. Nikamwambia, si ni umeme tu? Akakataa."

Nyaruai alimwambia yote, akiwa wima, maneno yakikimbizana. Alipofika kwenye kipindi cha kuaga alikitoa kidude mfukoni. "Hicho kimeenda, Mzee. Ningechomoa mapema, au ningechelewa kidogo, sijui. Kimeenda."

Mzee alimtazama, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nyaruai alidhani analia. Mzee akagusa koo lake, akakunja uso, akapunga mkono kama afukuzaye nzi.

"Anasema kiende," Jepkosgei alifasiri, naye akicheka. "Alikuwa anakohoa siku hiyo kama ng'ombe. Ati hata yeye hakukipenda. Keti bana, mwanangu, unywe chai."

Nyaruai akaketi. Kidude kile kiliingia kwenye ubavu wa redio ndogo, Jepkosgei akaongeza sauti, na Absalom Wekoye wa miaka mingi nyuma akakohoa kidogo, akafungua kipindi.

"Habari ya asubuhi, wewe uliye shambani! Umeamkaje?"

Jua lilikuwa linatua. Mzee alikaa bila kusogea, midomo yake ikifuata maneno, mara ikiyatangulia, mara ikiachwa nyuma. Njiani, mama mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani alisimama kwenye ua, akageuka taratibu ili mzigo usimwanguke.

"Nzuri sana, Mzee!" aliita. "Na wewe je?"

Absalom Wekoye akainua mkono juu, akaushikilia hapo.