Uvivu na Madera Dazeni Moja

Jumanne ya pili ya Machi mwaka 1998, saa tatu na robo asubuhi, Mwanakhamis alikuwa amekaa juu ya robota la suruali katika duka nambari 214, ghorofa ya pili ya soko moja la jumla huko Zhanxi, akimsubiri laoban amalize uji wake. Laoban ndivyo wafanyabiashara wanavyowaita wenye maduka wote wa Guangzhou. Huyu alikuwa mama wa makamo aliyekunywa uji polepole kila alipomwona mteja mwenye haraka. Mwanakhamis ana duka la nguo Darajani, Unguja, na haraka alizaliwa nayo.

Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamke wa shaba, uchi wa mnyama, mkono wa kulia ameunyoosha juu.

Wapagazi waliopita na mikokoteni walimkwepa kwa sababu alionekana mzito. Laoban alimwangalia miguu, akakumbuka kwamba vigae vyake ni vipya, akamtandikia kipande cha boksi akanyage.

"Nataka nguo moja," mwanamke yule alisema kwa Kifaransa. Alipoona hajibiwi, akarudia kwa Kiswahili cha Unguja, kile cha zamani ambacho siku hizi huwezi kukisikia ila msibani.

"Mei you," alisema laoban. Maana ya neno hilo ni hakuna. Asubuhi hiyo maana yake ilikuwa kwamba zipo, rafu nzima, ila haziuzwi mojamoja. Akabonyeza kalkuleta ikaandika 12, akamgeuzia.

Mwanakhamis alisitasita kidogo kuhusu salamu. Uso ulikuwa wa msichana wa miaka ishirini na mbili, lakini shaba ilikuwa imeota kijani kwenye viwiko. Akaona heri kuzidisha adabu.

"Shikamoo bibi. Hapa ni jumla. Hupewi kitu chini ya dazeni hata ukifa."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshakufa. Nilikufa Marseille mwaka wa thelathini na moja. Huku kwenye shaba nilisikia baadaye."

"Pole."

"Ahsante. Imepita."

Jina lake lilikuwa Mize binti Pandu. Alipelekwa Paris na tajiri mmoja wa Kifaransa aliyenunua karafuu Unguja, akiwa yaya wa watoto wake. Tajiri akafilisika, watoto wakakua, Mize akaishia kufua nguo katika nyumba ya mchongaji aliyeitwa Anselme Courtavoine. Huyo Courtavoine alikuwa na ndevu nyingi na alichafua shuka nne kwa wiki. Asubuhi moja ya mwaka 1906 Mize alikuwa uani akizianika, mkono juu kwenye kamba, na bwana akamwambia asisogee. Alikaa vile kila asubuhi kwa miezi saba. Kazi ilipokamilika, mchongaji alikuwa ameziacha shuka. Kamba pia aliiacha. Kanga mbili alizokuwa amezivaa Mize aliziacha vilevile. Kilichobaki ni mwanamke uchi anayejinyoosha, na sanamu hiyo akaipa jina la Uvivu.

"Wewe unafua, anakuita mvivu?" aliuliza Mwanakhamis.

"Na yeye alikuwa amekaa kitako," alisema Mize. "Miezi saba yote."

Mwanakhamis alimwonea uchungu. Yeye mwenyewe alikuwa amefua sana kabla hajafungua duka.

Uvivu ilimwagwa kwa shaba nakala nane, na nambari yake ikagongwa chini ya kila kisigino. Laoban alizikagua nambari hizo akiwa amepiga magoti na kuridhika kwamba mali ni ya kiwanda kimoja. Nakala tatu zilinunuliwa na majumba ya makumbusho ya Uholanzi, kila moja mji wake. Kwa miaka mingi nakala hizo hazikuonana. Kisha jumba mojawapo likaamua kukusanya kazi zote za Courtavoine zilizoko Uholanzi kwa maonyesho makubwa ya Mei 1998, na Uvivu watatu wakajikuta wamepangwa ukumbi mmoja. Walizungumza wiki nzima. Waligundua kwamba wanaume wote waliochongwa na Courtavoine, mameya watano na daktari mmoja, walikuwa na makoti yenye vifungo. Wanawake wote kumi na mmoja walikuwa hawana hata leso.

Ilikuwa lazima mmoja aende kutafuta nguo. Guangzhou waliijua siku nyingi. Mgeni anapoinama kusoma kibao cha sanamu, sanamu naye husoma lebo iliyoshonwa kwenye kola ya mgeni, na kola zote zilitoka Guangzhou, China. Mize, nakala ya tatu, alijitolea. Alikuja kwa treni kupitia Urusi, kwa tiketi ile ya kusimama, ambayo ni rahisi zaidi na kwake ilikuwa sawa. Jumba la makumbusho liliweka kadi mahali pake: iko safarini kwa muda.

"Kumi na moja," Mwanakhamis alihesabu. "Inabaki moja. Tutaitafutia mtu."

Walichagua madera, kwa sababu mkono wa Mize haushuki na dera lina mkono mpana. Mize alilipa kwa gunia la sarafu za guldeni, fedha ya Uholanzi. Wageni huzitupa katika beseni la sanamu mbili ziitwazo Chemchemi, na Chemchemi hawakuwa na matumizi nazo. Laoban alilipima gunia kwa mkono, akasema ni jepesi, akasema tena ni jepesi, akalichukua. Mize akavaa dera la manjano lenye maua ya zambarau. Mwanakhamis alimfunga kitambaa kichwani, akarudi hatua mbili, akasema kwamba sasa amekuwa mtu.

"Nguo ilikuwa shida ndogo," alisema Mize. "Jina ndilo lililonileta kwa watu. Pale kwenye kibao nataka waandike Mize binti Pandu."

Walikwenda kwenye ofisi ya mizigo iliyoko Guangyuan Xilu, mahali penye faksi. Ni mwendo wa dakika kumi na tano, lakini ulichukua saa nzima, kwa sababu kila teksi iliyomwona Mize na mkono wake ilisimama. Zilisimama teksi thelathini na moja. Mize alimwomba radhi kila dereva.

Pale ofisini alikuwepo Augustin, mnunuzi wa viatu kutoka Bukavu, ambaye aliandika Kifaransa kizuri na alipenda kuombwa. Aliliandikia jumba la makumbusho faksi ya kurasa mbili, shuka zote nne zimo. Jibu lilikuja Alhamisi, likiwa na heshima tele. Augustin alilisoma mara mbili.

"Bon, mama. Banasema kibao kiko na fasi ine tu. Jina la sanamu, jina la mchongaji, inatengenezwa na nini, na nani alitoa zawadi. Fasi ya ule mwenye walichonga, haiko."

"Hawawezi kuiongeza?"

"Banasema kibao kitakuwa kirefu."

Mwanakhamis alisonya, akatazama marobota yaliyopangwa ofisini mpaka dari. Kila robota lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nene nyeusi jina la mwenyewe, kwa kuwa robota lisilo na jina hupotea, na hakuna anayebisha na jina lililo juu ya robota. Yeye alikuwa ameandika jina lake juu ya marobota kwa miaka sita, na hakuna afisa yeyote duniani aliyewahi kulibadilisha.

"Nafasi ya nne," alisema. "Aliyetoa zawadi."

Wakayafunga yale madera kumi na moja yaliyobaki kwa turubai na kamba. Mwanakhamis akachukua kalamu, akaandika pande zote sita, herufi za urefu wa shibiri: MTUMAJI: MIZE BINTI PANDU. ZAWADI. Mize akalisoma upande mmoja, akamwomba amgeuzie asome na pande nyingine. Alikuwa na furaha, na hakuificha. Kesho yake akaliweka robota chini ya kwapa la kushoto, akapanda treni, akasimama.

Mwezi wa Juni Mwanakhamis alirudi Guangzhou na kukuta barua pale ofisini, imeandikiwa Bi Mize binti Pandu. Augustin aliifungua. Ndani mlikuwa na picha na kibao kilichonakiliwa kwa uangalifu: Uvivu. Anselme Courtavoine. Shaba. Nguo ni zawadi ya Bi Mize binti Pandu.

"Wameliandika," alisema Mwanakhamis. "Herufi zote zipo."

Picha ilionyesha ukumbi siku ya ufunguzi. Wanawake kumi na mmoja wa shaba walikuwa wamevaa madera. Mkurugenzi wa jumba, mama mrefu mwenye miwani, alikuwa amevaa la kumi na mbili, naye lilimkaa vizuri. Safu ya mbele palikuwa na kiti kimoja kitupu, chenye kadi ya jina. Hatua moja nyuma ya kiti alisimama Uvivu wa dera la manjano.

Laoban, alipoonyeshwa, alisifu zile rangi, akaomba picha aitundike dukani. Kufikia Agosti alikuwa ameuza kwa picha hiyo madera kwa wanunuzi wa nchi tano, dazeni kwa dazeni.

Barua yenyewe ilikuwa ya shukrani. Augustin aliisoma taratibu, na alipokaribia mwisho alivua kofia, akaendelea.

Mkurugenzi alisikitika kwamba Bi Mize hakuweza kufika. Walimwekea kiti cha mbele kabisa, na hotuba waliichelewesha dakika ishirini wakimsubiri. Waliliita jina lake mara tatu kwa kipaza sauti. Aliomba radhi pia kwamba mara zote tatu mmoja wa Uvivu, yule aliyenyoosha mkono nyuma ya kiti, alijibu "nipo", jambo lililowachanganya wageni. Ameshaombwa asirudie.