Mgombea na Mihogo

Marehemu dada yangu Mwamini alirekodia podikasti yake uani kwetu Kibuta, tukimenya mihogo. Kila mgeni wa kipindi naye alipewa kisu. Siku moja akaja mgombea udiwani kuomba kura.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Menya, baba, tunaongea kwa saa mbili.”

Hotuba yake iliisha dakika ya kumi.

“Haya, sisi tunachota maji wapi?” dada akamuuliza.

“Sijui, mama.”

“Afadhali hujatudanganya. Ila maganda yako manene, utatumaliza kwa njaa!”

Kicheko cha dada baada ya maneno hayo bado ninacho kwenye simu.

Wiki hiyo, kipindi kiliporushwa, hata vinyozi wa Kibaha walimtania mgombea: “Umeshajua kumenya?” Jumamosi alirudi bila wapambe, akaomba aonyeshwe kisima.

Dada akamkabidhi ndoo mbili.