Siku Tuliyowapika Wakwe

Kaka yangu Fiorenzo akishika bisibisi, mkewe Ornella huanza kusali. Aliwahi kutengeneza kengele ya mlango ikawa inalia kila tukiwasha taa ya choo, na mgeni akibonyeza huko nje hakuna anayesikia. Basi siku alipoingia jikoni na kiboksi cheupe mkononi, akatangaza kwamba analitia jiko la peleti themostati ya kulipimia joto, Ornella aliacha kukanda unga akanigeukia.

"Wifi, unamsikia kaka yako?"

"Namsikia."

"Mwambie jiko linawaka. Kinachowaka hakihitaji daktari."

Ni kweli lilikuwa linawaka. Shida ni kwamba jiko hilo, la kupasha nyumba joto, lilikuwa la kuamrishwa kwa mkono. Unalimiminia peleti tumboni, vile vijiti vya unga wa mbao ulioshindiliwa, nalo linajilisha lenyewe kidogo kidogo. Lakini ukilipunguza unatetemeka, ukiliongeza unavua sweta. Tangu astaafu kwenye kiwanda cha miwani, Fiorenzo alikuwa na kazi moja tu: kuinuka kulipunguza, kuketi, kuinuka kuliongeza.

Na sasa wakwe walikuwa wanakuja. Binti yao Marzia alikuwa amechumbiwa na Saverio, kijana wa Sicily aliyeletwa na ualimu huku kwetu Cadore, milimani kaskazini, na wazazi wa Saverio walikuwa wanapanda milima yetu kwa mara ya kwanza, tena mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha.

"Wale ni watu wa jua, Ornella," kaka alisema. "Wakipata baridi hapa, watasema binti yetu ametolewa kwenye jokofu."

Hapo Ornella akarudi kukanda unga. Aibu mbele ya wakwe ni kitu kingine.

Tulichomoa waya wa umeme kwanza, maana Ornella alisimama mlangoni mpaka akaona kwa macho yake umechomolewa. Mimi nilishika tochi. Fiorenzo akafungua mfuniko wa nyuma, akapulizia majivu, akapata vishimo viwili vilivyounganishwa na kipande kifupi cha waya. Akakitoa, na mahali pake akafunga nyaya mbili za kipokezi, kidude cha kusikiliza amri za kiboksi. Kile kiboksi cheupe, chenye betri zake, kilibaki huru: popote kilipo kinapima joto, kisha kinaliambia jiko kwa mawimbi, washa au pumzika.

"Tazameni!" Akarudisha waya wa umeme, akakiweka kiboksi dirishani, penye baridi. Muda si muda jiko likakohoa, likawaka. Akakikumbatia kifuani, jiko likanywea. Alicheka kama mtoto aliyefundisha mbwa kuketi.

Kilichobaki ni kukitundika ukutani, na hapo ndipo walipogombana. Yeye alitaka ukuta wa sebule, karibu na picha ya marehemu mama mkwe wake.

"Utoboe ukuta karibu na mama yangu? Alikuvumilia akiwa hai, sasa unamfuata huko huko?"

Basi kiboksi kikakaa kwenye mfuko wa sweta ya Fiorenzo, akitembea nacho nyumba nzima.

Jumapili wakwe wakafika. Bwana Gaspare, baba yake Saverio, alikuwa amevaa suti juu ya sweta, na chini ya sweta, kama tulivyokuja kujua, fulana mbili za sufu. Bi Nunzia, mkewe, alikuwa ndani ya koti la manyoya mengi kiasi kwamba tulimbusu manyoya kabla ya kumpata shavu. Walileta machungwa na keki ya jibini. Ornella akawaketisha karibu kabisa na jiko, mahali pa heshima.

Fiorenzo akashuka stoo ya chini kuchukua divai na soseji. Mikono ilimjaa. Ili apate nafasi, alitoa kiboksi mfukoni akakiweka kwenye rafu ya jibini, akapanda ngazi akikisahau kabisa. Stoo ile haina jiko. Viazi hukaa humo mpaka majira ya kuchipua. Kiboksi kikahisi ile baridi, kikaliambia jiko kwamba watu wanakufa.

Jiko likaitikia. Tulipokuwa tunamaliza casunziei, zile tambi zetu zenye bitiruti ndani, mashavu ya Marzia yalikuwa yamefanana na bitiruti yenyewe. Siagi iliyeyuka ikalala kwenye kisahani. Bwana Gaspare akaomba radhi, akavua koti la suti. Kisha tai. Kisha, kwa radhi nyingine ndefu zaidi, sweta.

Ornella akaninong'oneza, "Unaona wanavyostarehe? Wanajisikia kwao." Naye jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni.

"Bwana Gaspare," Fiorenzo akauliza kwa adabu, "huko kwenu hali ya hewa ndiyo kama hivi?"

"Kama hivi hivi," Gaspare akajibu, akijipangusa shingo kwa kitambaa cha meza. "Mwezi wa saba. Saa za mchana. Ukiwa juu ya paa."

Tukacheka kwa heshima.

Nikasema labda tufungue dirisha kidogo. Ornella na Bi Nunzia walinigeukia kwa pamoja kama niliyetukana kanisani.

"Na jasho hili?" Bi Nunzia alisema. "Upepo ukinipiga shingoni, mnizike hapa hapa!"

"Ndivyo alivyoondoka shangazi yangu," Ornella akaongeza. Kwa mara ya kwanza nikaona wanawake wale wawili wamekubaliana jambo.

Dirisha likabaki limefungwa. Polenta, ugali wetu wa mahindi, ikaletwa, inafuka mvuke. Bi Nunzia akaitazama, akamtazama Marzia, akamtazama mwanawe, kisha akaweka uma mezani.

"Mkwe mwenzangu," alimwambia Ornella, "mimi ni mama, nitasema, unisamehe. Binti yenu ni lulu. Lakini Saverio wangu ana kifua chepesi. Akioa hapa, ataishi ndani ya tanuri namna hii kila siku?"

Ornella akamgeukia. "Si ninyi ndio mnaopenda joto?"

"Sisi? Sisi tulidhani ndivyo mnavyoishi!"

"Nani aishi hivi? Mimi nakaribia kuzimia tangu zile tambi!"

Gaspare ndiye aliyeanza kucheka, akapiga meza mpaka glasi zikaruka. Fiorenzo hakucheka. Alikuwa anajipapasa mifuko, sweta, suruali, sweta tena, na uso ukimbadilika.

"Stoo," alisema. "Mama yangu wee! Kiko stoo."

"Kuna baridi huko stoo?" akauliza Bi Nunzia.

"Kama kaburini."

"Na upepo?"

"Hakuna hata tundu."

Bi Nunzia alikuwa tayari amesimama. Kwanza alimvuta Ornella chumbani, na waliporudi wote wawili walikuwa wamevaa magauni ya kiangazi ya Ornella, yale ya maua. La mgeni lilimbana kiunoni wala hakujali. Tukabeba sahani, chupa, polenta na keki, tukashuka. Tulikula kilichobaki juu ya makreti ya viazi, mashada ya vitunguu yakining'inia vichwani. Na lile tulilolihofia mezani, harusi ifungwe kwao au kwetu, lilimalizika huko chini kabla ya kahawa: ifungwe Sicily mwezi wa tano, na karamu ya pili ifanyike kwetu mwezi wa nane.

Divai ilipomkolea, Gaspare akamshika Fiorenzo bega akamwambia siri.

"Mkwe, nikwambie kweli. Kwetu nyumba zimejengwa kwa ajili ya jua. Mwezi wa kwanza tunakaa ndani na makoti, pumzi inaonekana. Hizi fulana mbili sikununua kwa ajili yenu. Ndizo ninazolalia."

"Huna jiko?"

"Nina blanketi na mke."

Mwezi wa kumi na moja Fiorenzo akapanda treni kwenda kusini na mkoba wa vifaa, kumfungia Gaspare jiko. Ornella alimsindikiza kituoni, akampa mkate na soseji za safari, akamwonya asiguse kengele ya mlango ya watu. Fiorenzo alikaa huko hadi karibu na Krismasi. Bi Nunzia alipotupigia simu kutoa shukrani, tulisikia nyuma yake wanaume wawili wakibishana watoboe ukuta upi.