Talatala Imesomeka Ziwa

Saa nne asubuhi, mwezi wa Agosti, Jubilate alikuwa ofisini Kyela mjini akizipa teksi alama. Kila teksi ilifungwa kifaa cha kuifuatilia, na kwenye kompyuta yake ilikuwa nukta nyekundu inayotembea. Dereva mwenye alama nyingi alipewa nafasi stendi. Mwenye chache alinyang'anywa kibali.

Shangazi yake Tusekile akaingia kutoka kijijini Talatala, akichuruzika maji. Mvua ilikuwa haijaonekana wiki ya sita. Lameck mfagiaji akamsogezea ndoo. Watu wa Talatala walikuwa wakija hivyo tangu Mei.

"Shikamoo, shangazi."

"Shikamoo yako kaa nayo. Neli wetu kashikwa na uchungu tangu alfajiri. Teksi nne tumepigia. Wanasema wakikanyaga kwetu, kibali hawana."

Jubilate aliijua sababu. Ramani ya huduma aliichora mwezi wa Aprili, kwa picha za setilaiti, bila kuinuka kitini, mashamba ya mpunga yakiwa yamefurika. Kilichong'aa chote akakiandika ziwa, Talatala ikiwemo. Gari likivuka mstari wa ziwa hilo, mashine ilisema limezama, dereva akakatwa alama. Ramani za wakoloni ziliwaruka watu wetu wengi; hii iliyowazamisha ilichorwa na mtoto wao wenyewe.

"Si ukafute hako kamstari, mwanangu?"

"Ripoti imeshasainiwa, shangazi. Hata cheti wametupa."

"Cheti." Tusekile akatoa perege mzima kwenye kitenge chake, akamtumbukiza ndooni. "Haya, na huyu mpe cheti."

Akaondoka. Kufuta kulitaka kidole kimoja na kukiri kosa mbele ya mkuu. Kidole alikuwa nacho.

Saa nane mtumbwi uliotoka hospitali kurudi Talatala ukapita barabarani mbele ya ofisi, wanaume wawili wakipiga kasia, vumbi likitimka. Bodaboda waliupisha. Ndani alilala Neli, amemkumbatia mtoto aliyefunikwa kitenge hadi usoni. Mtoto hakulia. Mama naye hakulia.

Edwin, mkuu wa ofisi, akatoka na kalamu sikioni. "Huo nao ni usafiri. Ufungieni kifaa."

Jubilate alipiga magoti akakifunga mwenyewe, macho kwenye mbao. Neli akasogeza mguu kumpisha.

"Ndaga," akamshukuru, kama alivyolelewa.

Jioni alama zikatoka. Mtumbwi ulipata tisa kwa kumi, wa kwanza mjini kote, kwa kuwa ulipita majini bila kuzama. Moja ilikatwa kwa kuchelewa.

Jubilate akasaini.